Safari ya Daktari wa Upasuaji wa Watoto: Kutoka Hospitali ya Kaunti Hadi Rufaa, na Kurudi

Mtoto amezaliwa usiku katika zahanati. Amelia vizuri, uzani wake ni kilo 3, na mama yuko salama. Asubuhi, muuguzi anapomkagua kabla ya kumruhusu aende nyumbani, anagundua kwamba mtoto hana njia ya haja kubwa. Ambulensi inaitwa. Katika hospitali ya kaunti, daktari wa upasuaji anatoa sehemu ya utumbo mkubwa kwenye ukuta wa tumbo ili kinyesi kipate pa kupitia. Maisha ya mtoto yameokolewa.

Kisha wazazi wanaelezwa kwamba kazi haijaisha. Upasuaji wa pili, ule wa kumtengenezea mtoto njia yenyewe, utafanywa miezi kadhaa baadaye katika hospitali ya rufaa. Wa tatu utakuwa wa kurudisha utumbo ndani. Swali la wazazi wengi huwa moja: kwa nini yote yasifanyiwe hapa?

Jibu liko katika namna madaktari bingwa wa upasuaji wa watoto wanavyofunzwa. Hakuna hospitali moja inayoweza kumfunza daktari huyo peke yake. Anapitia hospitali nyingi, na hospitali ya kaunti ni mojawapo.

Mtoto si mtu mzima mdogo

Mtoto mchanga wa kilo 3 ana damu ya takriban mililita 250 mwilini mwake mwote. Hiyo haijazi chupa ya soda ya mililita 300. Damu ambayo mtu mzima angeipoteza bila kutetereka yaweza kumwua mtoto. Mwili wake hupoteza joto upesi, kwa hivyo chumba cha upasuaji lazima kipashwe joto. Dawa zake hupimwa kwa uzani, na kosa dogo la hesabu ni kosa kubwa kwake. Isitoshe, mtoto anaendelea kukua: mshono wa leo lazima umfae akiwa na miaka 5, na hata 25.

Kuna pia magonjwa ambayo daktari wa watu wazima hukutana nayo kwa nadra. Wapo watoto wanaozaliwa utumbo ukiwa nje ya tumbo, wengine umio haujaungana na tumbo, wengine wana mgongo wazi au maji mengi kichwani. Hali ya kuzaliwa bila njia ya haja kubwa humpata takriban mtoto 1 kati ya kila 5,000 wanaozaliwa. Maana yake ni kwamba hospitali inayozalisha akina mama 5,000 kwa mwaka inaweza kumpata mtoto mmoja tu wa aina hiyo kwa mwaka mzima.

Mkono wa mpasuaji hujifunza kwa kurudia. Daktari anayeona mtoto mmoja kwa mwaka hawezi kupata uzoefu wa kutosha, hata awe hodari namna gani. Ndiyo sababu wagonjwa wa aina hii hukusanywa katika hospitali chache, na madaktari wanaotaka ubingwa hupelekwa huko huko.

Miaka 12, au zaidi

Safari huanza katika chuo kikuu, ambako shahada ya udaktari huchukua miaka 6. Baada ya hapo daktari hufanya kazi kwa mwaka 1 akiwa mwanagenzi chini ya uangalizi, katika hospitali iliyoidhinishwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno Kenya (KMPDC). Hospitali nyingi za kaunti ni vituo vya uanagenzi. Hapo ndipo madaktari wengi hushika kisu cha upasuaji kwa mara ya kwanza, na hapo ndipo wengine hutambua kwamba kazi ya watoto ndiyo inayowavuta.

Akimaliza, daktari hupata usajili na mara nyingi huajiriwa kuwa daktari wa kawaida kabla ya kuomba nafasi ya ubingwa. Nchini Kenya kuna njia kuu mbili za kufikia ubingwa huo.

Njia ya kwanza ni chuo kikuu. Chuo Kikuu cha Nairobi hutoa shahada ya uzamili katika upasuaji wa watoto. Sehemu kubwa ya mafunzo hufanyika wodini na katika vyumba vya upasuaji vya Hospitali Kuu ya Kenyatta (KNH), ambako mwanafunzi ni daktari anayewahudumia wagonjwa kila siku huku akisimamiwa na walimu wake.

Njia ya pili ni Chuo cha Wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kinachojulikana kwa kifupi kama COSECSA. Chuo hiki kilianzishwa mwaka wa 1999 na makao yake yako Arusha, Tanzania. Hakina madarasa ambamo wanafunzi huketi mwaka mzima. Darasa lake ni hospitali zilizoidhinishwa katika nchi wanachama, zikiwemo Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi, Ethiopia, Malawi na Zambia. Daktari husoma miaka 2 ya misingi ya upasuaji, kisha miaka 3 ya ubingwa anaouchagua, na upasuaji wa watoto ni mojawapo. Mtihani wa mwisho ni mmoja kwa nchi zote, kwa hivyo aliyefunzwa Kenya hupimwa kwa kipimo kile kile cha aliyefunzwa Malawi.

Ukijumlisha miaka 6 ya chuo, 1 ya uanagenzi na 5 ya ubingwa, unapata 12. Ni muda ule ule ambao mtoto hutumia kutoka gredi ya 1 hadi gredi ya 12. Miaka ya kufanya kazi katikati haijahesabiwa.

Kwa nini hospitali nyingi

Si kila hospitali inayoruhusiwa kufunza mabingwa. Lazima kuwe na bingwa wa kumsimamia mwanafunzi, wagonjwa wa kutosha na wa aina mbalimbali, na vifaa vya kuwahudumia. Mwanafunzi huweka daftari la kumbukumbu ambamo huandika kila upasuaji alioushiriki: ugonjwa ulikuwa upi, na kama alisaidia, alifanya akisimamiwa au alifanya mwenyewe. Daftari hilo huonyesha pengo. Akiwa amefanya ngiri nyingi lakini watoto wachanga wachache, inajulikana anahitaji kupata uzoefu gani zaidi.

Kila hospitali ina nguvu yake. KNH hupokea watoto waliopewa rufaa kutoka pande zote za nchi. Hospitali ya AIC Kijabe, katika kaunti ya Kiambu, ni hospitali ya kanisa ambayo kwa miaka mingi imeshirikiana na shirika la BethanyKids kuwahudumia watoto wenye mgongo wazi na maji kichwani, na imefunza wapasuaji wa watoto wa Kenya na wa nchi nyingine za Afrika. Mjini Eldoret, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi ina hospitali ya watoto ya Shoe4Africa, iliyofunguliwa mwaka wa 2015 na inayowahudumia wakazi wa magharibi mwa nchi.

Bingwa pia hafanyi kazi peke yake. Mnamo Novemba 2016, KNH iliwatenganisha mapacha walioungana sehemu ya chini ya mgongo, katika upasuaji uliochukua saa 23. Kazi kama hiyo huhitaji wapasuaji wa fani kadhaa, wataalamu wa dawa ya usingizi, madaktari wa watoto na wauguzi. Hata upasuaji mdogo wa ngiri huhitaji mtu anayejua kumlaza mtoto usingizi na kumwamsha salama. Kwa hiyo mafunzo ya mpasuaji yasipoenda sambamba na mafunzo ya wataalamu wa usingizi na wauguzi wa watoto wachanga, hayamfikishi mtoto mbali.

Nafasi ya kaunti

Katiba ya 2010 iliziachia kaunti vituo vya afya vya kaunti na huduma za ambulensi, huku hospitali za rufaa za kitaifa zikibaki chini ya serikali ya kitaifa. Mafunzo ya bingwa hupita katika ngazi zote mbili.

Kaunti huwapokea wanagenzi. Kaunti pia ndiyo mwajiri wa madaktari wengi wanaokwenda kusomea ubingwa. Daktari anayepewa likizo ya masomo huku akilipwa mshahara hutia sahihi mkataba wa kurudi na kuhudumu kwa muda uliowekwa. Kwa miaka hiyo yote nafasi yake wodini hupungua mtu, na wakazi huhisi pengo hilo wanapopanga foleni. Hiyo ndiyo gharama ya kumpata bingwa baadaye.

Kurudi kwa bingwa nako kunahitaji matayarisho. Akikuta hakuna mashine ya dawa ya usingizi inayofaa watoto, vyombo vidogo vya upasuaji, au chumba cha joto cha watoto wachanga, ataendelea kuwatuma watoto rufaa kama zamani, na ujuzi wa miaka 12 utakaa bure. Kwa sababu hii, bajeti ya masomo na bajeti ya vifaa zinafaa kupangwa pamoja. Wakazi wanaohudhuria vikao vya maoni ya umma kuhusu bajeti ya kaunti wana haki ya kuuliza kuhusu zote mbili.

Kabla bingwa hajapatikana, kuna kazi ambayo hospitali ya kaunti tayari huifanya: kutambua tatizo mapema, kumtuliza mtoto, kumfanyia upasuaji wa kwanza pale inapowezekana na kumsafirisha akiwa na joto na maji ya kutosha mwilini. Bingwa wa rufaa hawezi kumsaidia mtoto aliyefika akiwa amechelewa sana au amepoa njiani.

Mzazi afanye nini

Mpeleke mtoto katika kituo cha afya kilicho karibu bila kuchelewa ukiona mojawapo ya dalili hizi:

• Mtoto mchanga hajatoa choo cha kwanza saa 24 baada ya kuzaliwa, au hana njia ya haja kubwa.
• Anatapika matapishi ya rangi ya kijani.
• Tumbo limevimba na kuwa gumu.
• Ana povu jingi mdomoni, anakabwa au kukohoa kila anaponyonya.
• Analia kwa vipindi kwa maumivu ya tumbo, na kinyesi kina damu na kamasi.
• Uvimbe wa ngiri umekuwa mgumu, unauma na haurudi ndani.
• Kichwa kinakua upesi kupita kawaida, au kuna uvimbe au kidonda mgongoni tangu kuzaliwa.

Mvulana ambaye korodani zake hazijashuka akifikisha miezi 6 naye aonwe na daktari, hata kama hana maumivu. Kungoja hadi aingie shule ni kuchelewa.

Kujifungulia katika kituo cha afya humpa mtoto nafasi ya kukaguliwa mwili mzima siku ya kwanza. Aliyejifungulia nyumbani ampeleke mtoto akaguliwe mara moja.

Ukipewa rufaa, beba barua ya rufaa, kijitabu cha afya ya mama na mtoto, na karatasi zote za upasuaji uliotangulia. Daktari atakayemwona mtoto huenda hakuwepo mara ya kwanza, na karatasi hizo ndizo zitakazomwambia kilichofanywa. Hakikisha pia kwamba familia imesajiliwa katika Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) na kwamba mtoto ameorodheshwa kama mtegemezi. Usajili hufanywa katika vituo vya afya au kwa simu kupitia *147#.

La mwisho, usikatishe matibabu katikati. Mtoto aliyetolewa utumbo kwenye tumbo anaweza kunyonya, kunenepa na kucheza, na familia ikaona hakuna haja tena ya nauli ya kwenda rufaa. Lakini upasuaji ule wa kwanza ulikuwa wa kuokoa maisha tu. Wa pili na wa tatu ndio utakaomwezesha kuingia darasani na wenzake bila mfuko tumboni. Mama akishindwa na nauli au akipoteza tarehe ya kliniki, azungumze na mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake au afisa wa jamii wa hospitali ya kaunti, ili apangiwe tarehe nyingine kabla muda haujapita.