Babu Farasi Alivyokula Kodi Yangu ya Chumba

Usicheke. Kuna kijana wa Temeke aliyewahi kulala bandani na farasi, tena kwa hiari yake, na kijana huyo ni mimi.

Nilikuwa saisi kule Mbezi Beach, wilaya ya Kinondoni. Wenye farasi wanalipa kwa mwezi, sisi tunalisha, tunapiga brashi na kuzoa kinyesi. Washkaji wa mtaani waliniita Waziri wa Samadi.

Mmoja wa farasi hao alikuwa na miaka 26, tukamwita Babu. Farasi akishapita 20 ni mzee huyo. Meno yalikuwa yamekwisha. Akitafuna nyasi anatema madonge yaliyolowa mate. Wenzangu walidhani anaringa. Maringo gani, wakati mbavu zinahesabika? Daktari wa mifugo akamsugua makali ya meno kwa tupa, nasi tukaanza kumlowekea pumba na nyasi zilizokatwakatwa mpaka ziwe kama uji.

Kiangazi kilipita vizuri. Kasheshe ni masika, Machi mpaka Mei. Kwato zikishinda kwenye tope zinaoza kwa chini na kunuka vibaya, kwa hiyo kila jioni nazichokonoa na kuzikausha. Nyasi zikishika ukungu, mzee anakohoa kama mvuta sigara. Halafu kuna usubi, wadogo kuliko mbu, wanaoeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika. Pundamilia anaweza kuwa nao asionyeshe dalili; farasi asiyechanjwa huenda akafa ndani ya siku chache. Usubi huuma zaidi kuanzia machweo hadi alfajiri, hivyo kabla ya magharibi wote ndani, mvua isiwe kisingizio.

Usiku mmoja nikamkuta Babu anageuka kutazama ubavu wake, anapiga tumbo kwa mguu, anataka kugaragara. Msokoto wa tumbo! Kumbe kuna mtu alimtupia nyasi kavu, kazimeza nzima nzima. Na farasi hawezi kutapika.

Nikampigia bosi.

"Dogo, huyo keshakula chumvi nyingi," akasema. "Mwenyewe yuko Ulaya, hajalipa miezi miwili. Daktari atalipwa na nani?"

Hapo ndipo huwa nawashangaa wenye mapene. Farasi akiwa kijana anapigwa picha kila Jumapili. Akizeeka, simu hazipokelewi.

Nilikuwa na kodi ya chumba mfukoni. Daktari alifika saa saba usiku, akapitisha mpira puani hadi tumboni, akamimina mafuta na maji. Nikamtembeza Babu kwenye mvua, tukipumzika, tukianza tena. Karibu na adhana ya alfajiri akanya. Jamani, sijawahi kufurahia mavi namna ile!

Babu alimaliza masika. Mwenye nyumba nilimweleza ukweli kwamba kodi imeingia kwenye tumbo la farasi. Hakuamini hata kidogo. Nililipa kidogo kidogo, deni likaisha, lakini mpaka leo tukikutana anauliza, "Kijana, farasi hajambo?"