Amande ya salongo: mwenye parsele ao mpangaji?

Wamama wenye kupangisha nyumba, jambo hili linatuletea kelele. Siku ya salongo mpangaji hatoki, na amande inaandikwa kwa jina la mwenye parsele. Naye anaikata kimya kimya ndani ya garanti.

Sisi tunaona si haki. Kwa nyumba ya kuishi, sheria ya tarehe 31/12/2015 inakataza garanti kupita miezi 3. Ukiimaliza kwa amande, siku mpangaji anaacha mlango umevunjika utatengeneza na nini?

Andikeni ndani ya mkataba, mbele ya shahidi: nani anatoka salongo, nani anasafisha mtaro, nani analipa amande. Mpangaji alipe mwenyewe, na akuonyeshe karatasi yenye muhuri.