Ute wa ukeni wakati wa ujauzito: upi ni wa kawaida, upi wa kupeleka kliniki

Miongoni mwa mambo ambayo wajawazito wengi huyaona mapema ni nguo za ndani kulowa kuliko zamani. Wengi hunyamaza kwa haya, na wengine hukimbilia dawa. Kabla ya kuchagua lolote kati ya hayo, inafaa kujua ute huo unatoka wapi.

Mimba inapotunga, homoni ya estrojeni huongezeka sana mwilini. Damu nyingi zaidi hupita kwenye nyonga, na tezi za shingo ya kizazi, yaani mlango wa mfuko wa uzazi, hutengeneza ute mwingi kuliko kawaida. Ute huo huwa mweupe au hauna rangi, ni mwepesi au unavutika kidogo, harufu yake ni hafifu na hauwashi. Huongezeka kadiri mimba inavyokua. Kwa hiyo wingi peke yake hautoshi kuwa dalili ya ugonjwa.

Estrojeni hufanya jambo la pili. Huzifanya seli za ukuta wa uke zihifadhi glaikojeni, ambayo ni aina ya wanga. Wanga huo ukivunjwa huwa chakula cha bakteria wema waitwao laktobasila, nao hutoa asidi ya laktiki. Asidi hiyo huiweka pH ya uke wenye afya kati ya 3.8 na 4.5, kiwango ambacho vimelea vingi vya magonjwa havistawi.

Lakini wanga huohuo huwalisha fangasi wa kandida, ambao hawaogopi asidi. Ndiyo maana fangasi huwapata wajawazito mara nyingi zaidi. Ute huwa mzito, wenye mabonge kama maziwa mgando, na muwasho huwa mkali. Fangasi hao huweza kuishi mwilini bila kuleta shida, kisha wakaongezeka. Kuugua fangasi si ushahidi kwamba mke au mume ametoka nje ya ndoa, na ni vizuri hilo lisemwe wazi nyumbani. Tiba iliyozoeleka kwa mjamzito ni vidonge vya klotrimazoli vya kuweka ukeni, kwa kawaida siku saba. Vidonge vya flukonazoli vya kumeza asivinunue dukani kwa uamuzi wake.

Laktobasila wakipungua, bakteria wengine hushika nafasi yao. Hapo ute huwa mwepesi wa kijivu wenye shombo ya samaki, hasa baada ya tendo la ndoa. Hali hii haipaswi kupuuzwa, kwani imehusishwa na uchungu kuanza kabla ya wakati. Ute wa njano au kijani, wenye mapovu au harufu kali, hutia shaka ya magonjwa ya zinaa kama trikomonasi na kisonono. Kisonono kisipotibiwa huweza kuyadhuru macho ya mtoto wakati wa kuzaliwa, na mwenzi asipotibiwa pamoja na mama, ugonjwa hurudi.

Katika wiki za mwisho, ute mzito ulioziba shingo ya kizazi tangu mwanzo huachia na kutoka, pengine una michirizi ya damu. Uchungu huweza kufuata baada ya saa chache au siku kadhaa. Ukitoka kabla ya wiki ya 37, mama aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Damu inayotiririka, katika mwezi wowote, haisubiri hata kidogo.

Gumu zaidi kutambua ni maji ya chupa, yaani ya mfuko unaomzunguka mtoto tumboni. Hayanati kama ute, hayana harufu ya mkojo, na huendelea kuvuja mama anaposimama au kukohoa bila yeye kuweza kuyazuia. Avae pedi safi, aangalie rangi, kisha aende akiwa nayo. Maji ya kijani au kahawia huonyesha kwamba huenda mtoto amejisaidia tumboni. Chupa ikishapasuka, kila saa inayopita huongeza hatari ya maambukizi kupanda hadi kwa mtoto.

Sasa tunaweza kupima mazoea ya kuosha uke kwa ndani kwa sabuni, siki, shabu au maji ya majani. Anayefanya hivyo anataka usafi, wala hastahili kulaumiwa. Ila kinachooshwa ni ile asidi na wale laktobasila waliokuwa wakimlinda. Maji safi kwa nje yanatosha, pamoja na chupi ya pamba inayobadilishwa mara kwa mara.

Akifika kliniki, amweleze mkunga rangi, harufu, muwasho, siku hali ilipoanza na dawa aliyokwisha kutumia, hata kama ni ya kienyeji. Ataje pia homa, maumivu ya tumbo la chini au mkojo unaochoma, kwa sababu vituo visivyo na maabara huchagua tiba kwa kufuata dalili hizo.