Kabla ya kulipia basi la kukodi, uliza mlango wa dharura uko wapi

Kila kundi la WhatsApp lina yule msee mmoja. Kukiwa na harusi, ruracio, matanga au safari ya Naivasha, yeye ndiye anayepokea michango kwa simu, anawapigia wenye mabasi na kuulizia bei. Kama hujui kwenu ni nani, pengine ni wewe. Makala haya ni yako.

Mwaka jana kazi hiyo iliniangukia mimi. Baba ya rafiki yetu wa mtaani alikuwa amefariki na alikuwa anaenda kuzikwa Bungoma. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na sina kazi ya ofisi, kwa hivyo kila mtu aliamua kwamba nina muda. Nikapata mabasi mawili. La kwanza lilikuwa basi la kawaida, Sh72,000 kwenda na kurudi. La pili lilikuwa nganya ya abiria 33, michoro mpaka kwenye vioo, skrini tatu na muziki wa kutetemesha mbavu, Sh65,000. Nikachukua nganya. Niliokoa elfu saba na kundi zima likanipongeza. Kuhusu usalama sikuuliza swali hata moja. Nilichouliza ni kama kuna mahali pa kuchaji simu.

Kwenda, tulifika salama. Wakati wa kurudi, tukikaribia Timboroa, moshi ukaanza kuingia ndani karibu na dereva. Akaegesha kando ya barabara. Watu wote wakasimama kwa pamoja na kusukumana kuelekea mlango wa mbele, kule kule moshi ulikokuwa unatokea. Mimi nilikuwa nyuma, nikageukia mlango wa dharura. Ulikuwa umezibwa na boksi kubwa la spika, limefungwa kwa boliti. Nikamuita konda.

"Hiyo haifungukangi, boss," akanijibu. "Tuliweka wufa hapo."

Nyundo ya kuvunjia kioo haikuwepo. Kilichobaki ukutani ni kishikio chake. Mtungi wa kuzimia moto ulikuwa umefunikwa na mizigo, na mshale wake ulikuwa kwenye nyekundu. Kukhu, dadake marehemu, alikuwa ameketi kiti cha pili kutoka nyuma, na magoti yake hayamruhusu kukimbia. Nikakaa naye nikimshika mkono, tukingoja foleni iishe.

Hatimaye ikajulikana kuwa ni mkanda wa feni uliokuwa unaungua. Moto haukuwaka na hakuna aliyeumia. Lakini tukiwa tumesimama kando ya barabara na baridi ya Timboroa, kukhu aliniuliza kwa upole, "Mjukuu wangu, hii gari ni nani aliichagua?"

Sikuwa na la kumjibu.

Tangu siku hiyo nimejifunza mambo machache, na nataka uyajue kabla hujatuma pesa.

Kwanza, sheria ipo. Zile kanuni za mwaka 2003 ambazo wengi wetu tunaziita sheria za Michuki ndizo zilizoleta mikanda ya usalama kwa kila abiria, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa na marufuku ya kusimamisha watu garini. Kuna pia kiwango cha KS 372 cha shirika la viwango, KEBS, kinachoeleza jinsi bodi ya basi inavyopaswa kuundwa, zikiwemo njia za kutokea wakati wa dharura. Magari ya umma hukaguliwa na NTSA kila mwaka. Shida ni kwamba ukaguzi ni siku moja, na mwaka una siku nyingine 364. Gari linaweza kukaguliwa likiwa sawa, kisha likapelekwa gereji kuongezwa spika, kiti cha ziada na stika za kufunika vioo. Anayeliona basi siku ya safari si mkaguzi, ni wewe.

Pili, elewa kwa nini njia hizo ziko nyingi. Mlango wa kawaida uko upande wa kushoto. Basi likianguka kwa ubavu huo, mlango unakuwa chini, umelaliwa na gari zima. Hapo unatoka kwa kioo cha nyuma, mlango wa dharura au kile kifuniko cha kwenye paa. Moto ukianzia mbele, unahitaji njia ya nyuma. Kwa hivyo spika ikiziba njia moja, huenda imeziba ile pekee ambayo ingebaki siku hiyo.

Kuhusu vioo, usipoteze nguvu kupiga kioo cha mbele. Kina tabaka mbili zilizogandishwa na utando katikati. Kitapata nyufa lakini hakitaachia. Vioo vya pembeni kwa kawaida ni vile vinavyosambaratika vipande vidogo vidogo. Vipige kwenye kona, karibu na fremu, kwa ncha ya nyundo, maana katikati ndiko kugumu zaidi. Lakini kioo kilichobandikwa stika nzito hushikana hata baada ya kuvunjika, na ukipoteza muda kukisukuma, moshi haukungoji. Ndiyo maana michoro ile kwenye vioo, hata ikiwa kali namna gani, inastahili kukutia wasiwasi.

Tatu, kuna siku ambazo nyundo na kifuniko cha paa havitakusaidia sana. Desemba 4, 2021, basi la shule lililokuwa limebeba wanakwaya kuelekea harusini lilijaribu kuvuka mto Enziu, kaunti ya Kitui, ukiwa umefurika. Basi lilizama na zaidi ya watu 30 wakafa. Walikuwa watu kama sisi, wamevaa vizuri, wanaenda kuimba. Funzo ninalolichukua pale ni kwamba njia bora ya kutokea ni ule mlango wa kawaida, kabla basi halijaingia majini. Dereva akitaka kuvuka maji yanayopita juu ya barabara, una haki ya kusema "simama, tushuke." Aone ni ubaya, lakini mshuke.

Sasa, haya ndiyo ninayofanya siku hizi kabla ya kulipa:

Naenda kuliona basi, au mwenyewe anitumie video ya mlango wa dharura ukifunguliwa na kufungwa. Picha haitoshi, kwa sababu mlango uliokwama ukipigwa picha unaonekana mzima.

Nahesabu mikanda. Ifungeke kweli, isiwe imefichwa chini ya kiti. Ukipatikana hujafunga, faini ni Sh500, lakini hiyo ndiyo gharama ndogo.

Naangalia mtungi wa moto: uwe mahali unapofikika, pini iwepo na mshale uwe kwenye kijani. Ukilazimika kuutumia, vuta pini, elekeza mdomo wake pale chini moto unapoanzia, bana mkono, kisha pepeta kushoto na kulia.

Nauliza sanduku la huduma ya kwanza na zile pembetatu za kuakisi mwanga. Kama ni basi la shule au kanisa, nauliza pia ikiwa bima yake inaruhusu kukodishwa. Watu wengi hujua jibu baada ya ajali.

Na siku ya safari, kabla injini haijawashwa, nasimama mbele na kuonyesha watu njia za kutokea. Inachukua dakika moja. Karibu na mlango wa dharura namweka kijana mwenye nguvu, na wazee wanakaa karibu na mlango wa mbele. Kreti za soda na masufuria haziwekwi kwenye njia ya katikati.

Mwezi uliopita tulikuwa na harusi Machakos. Nilipoomba video ya mlango wa dharura, mwenye basi wa kwanza alikata simu. Wa pili alicheka, kisha akatuma. Lake lilikuwa ghali kwa Sh5,000 na halikuwa na skrini hata moja. Kwenye kundi nilitukanwa kidogo, kuna mmoja aliyeandika kwamba nimewaletea gari la kwenda kliniki.

Nilimwambia aje akae karibu na mlango wa nyuma, nimfundishe kuufungua. Alikuja, akaujaribu mara mbili, kisha akafunga mkanda.