Valvu mbili zilizosahaulika na samaki wa Kahendero

KAHENDERO, Kasese – Mtumbwi wa mbao hauzamishwi na wimbi peke yake. Mara nyingine huzama kwa sababu aliyetoa kalafati jana ili atengeneze ubao hakuirudisha, na aliyeingia majini leo hakuuliza. Kwenye mwalo huu wa Ziwa George, ambako samaki hupakiwa kwenda Bwera na Mpondwe hadi Kasindi upande wa Kongo, jambo hilo halihitaji mhandisi wa kulieleza.

Ajali mbaya kuliko zote katika vituo vya umeme wa nyuklia nchini Marekani ilikuwa na kisa cha namna hiyo hiyo ndani yake. Wafanyabiashara wa mpakani wana sababu ya kukijua, kwa kuwa Uganda nayo imo njiani. Machi 2023, Waziri wa Nishati Ruth Nankabirwa alitangaza mpango wa kituo cha megawati 2,000 wilayani Buyende, karibu na Ziwa Kyoga, megawati 1,000 za kwanza zikitarajiwa mwaka 2031. Bwawa la Karuma, kubwa kuliko yote nchini, linatoa megawati 600.

Kinu cha nyuklia kina tabia moja ambayo jenereta ya dizeli haina. Ukikizima, hakipoi. Mafuta ya urani huendelea kutoa joto kwa siku nyingi, kama mafiga baada ya kuni kuondolewa, na lazima maji yazunguke wakati wote. Ndiyo maana kila kituo kina pampu za akiba ambazo hazina kazi mpaka siku ya shida. Kifaa cha namna hiyo ni rahisi kukisahau.

Alfajiri ya Machi 28, 1979, kwenye kituo cha Three Mile Island jimboni Pennsylvania, mafundi walikuwa wakizibua bomba la mtambo wa kusafisha maji. Kazi ya kawaida. Inaaminika kwamba maji yaliingia kwenye mabomba ya hewa yanayoendesha valvu, na saa 10 alfajiri pampu kuu zikasimama. Kinu kikajizima chenyewe, kama kilivyopangwa. Pampu tatu za akiba zikawaka, nazo kama zilivyopangwa.

Maji hayakufika. Valvu mbili kwenye njia ya pampu hizo zilikuwa zimefungwa. Maelezo yaliyoelekea zaidi kuwa ya kweli ni kwamba zilifungwa siku mbili kabla, wakati wa majaribio ya pampu hizo hizo, na hakuna aliyezifungua. Katika chumba cha uendeshaji kulikuwa na taa za kuonyesha kwamba zimefungwa, lakini moja ilifunikwa na lebo ya matengenezo iliyokuwa inaning'inia juu yake. Dakika nane zilipita kabla ya mtu kugundua.

Kosa hilo peke yake lisingeyeyusha kinu. Wachunguzi walisema hivyo baadaye. Lakini liliwachanganya wafanyakazi wakati ambapo valvu nyingine, ya kupunguza shinikizo, ilifunguka na kukataa kujifunga, maji yakawa yanatoka bila wao kujua. Taa ya valvu hiyo ilionyesha tu kwamba amri ya kujifunga imetumwa. Haikuonyesha kama imetekelezwa. Aliyepita Mpondwe tangu Ebola ilipovuka kuja Kasese Juni 2019 anaielewa tofauti hiyo: ndoo ya kunawia mikono unaiona kwa mbali kwamba ipo, lakini kama ina maji, huna njia ya kujua mpaka ufungue bomba lake. Wafanyakazi wa Three Mile Island waliitazama ndoo kwa zaidi ya saa mbili. Karibu nusu ya kiini cha kinu ikayeyuka.

Miaka minne kabla, katika kituo cha Browns Ferry jimboni Alabama, fundi alitumia mshumaa kutafuta upenyo wa hewa ukutani. Mwali ukivutwa, hapo pana tundu. Sponji ya kuzibia ikashika moto, nyaya zaidi ya 1,600 zikaungua, na mitambo ya dharura ya kupoza kinu kimoja ikakatika. Mshumaa!

Barani Afrika, kituo pekee kinachozalisha umeme wa nyuklia kwa sasa ni Koeberg, karibu na Cape Town. Desemba 2005 boliti iliyoachwa ndani ya jenereta iliharibu rota, na rota ya kuazima ikaletwa kwa meli kutoka Ufaransa. Hapo hapakuwa na hatari ya mionzi, kwa sababu jenereta si kinu, ila mji ulikaa na mgao wa umeme kwa miezi. Kwa jirani zetu wa Kongo, Kinshasa ilipata kinu cha kwanza cha utafiti barani mwaka 1959. Kilikuwa kidogo, chini ya Chuo Kikuu, na fito mbili za mafuta ya nyuklia zilipotea hapo. Moja ilikamatwa Italia mwaka 1998.

Buyende iko mbali na Kahendero, upande wa pili wa nchi. Soko, hata hivyo, halipimi kilomita. Mwaka 1999 Ulaya ilifunga mlango kwa samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya habari za wavuvi waliotumia sumu, na waliopata hasara ni pamoja na wale ambao hawakuwahi kuigusa sumu hiyo. Baada ya tsunami kuharibu Fukushima mwaka 2011, Korea Kusini ilizuia samaki wa mikoa minane ya Japani. China ilizuia samaki wa Japani nzima Agosti 2023, miaka 12 baadaye. Mnunuzi wa Kasindi au Beni akisikia neno "mionzi" na neno "Uganda" katika sentensi moja, hatauliza ziwa gani.

Hii si hoja ya kukataa umeme. Barafu ya samaki inataka umeme, na Agosti 2022 maji yalipoingia katika jengo la mitambo la Isimba, megawati 183 zilitoka kwenye gridi na watu wakakaa gizani. Bwawa likikosewa linaweza kusubiri fundi. Kinu hakisubiri.

Sheria ya Nishati ya Atomu ya mwaka 2008 iliunda Baraza la Nishati ya Atomu, ambalo leo hukagua mashine za eksirei za hospitali na vifaa vingine vya mionzi. Baraza hilo hilo ndilo litakalotoa vibali vya kituo. Marekani, mamlaka ya nyuklia huweka hadharani taarifa za hitilafu zinazoripotiwa na vituo, hata zile ambazo hazikumdhuru mtu, pamoja na valvu zilizokutwa zimefungwa. Katika mikutano ya maoni ya wananchi kuhusu Buyende, mengi yamesemwa juu ya fidia ya ardhi. Swali la nani atasaini daftari kwamba valvu imefunguliwa tena baada ya majaribio, na nani wa pili atakwenda kuitazama kwa macho yake, linaweza kuulizwa hapo hapo, na jibu lake likaandikwa kabla ya zege la kwanza kumwagwa.