Kokwa la Plutoniamu Huishi Miaka Mingapi?

Juni 1989 maofisa wa FBI walivamia kiwanda cha Rocky Flats, Colorado, wakichunguza uchafuzi wa mazingira, na mwaka huohuo uzalishaji ukasimama. Hapo ndipo Marekani ilipotengenezea moyo wa mabomu yake ya nyuklia: tufe la plutoniamu lililofichwa katikati ya silaha kama kokwa ndani ya embe. Bomu la Nagasaki lilikuwa na kilo 6 hivi za metali hiyo. Haichimbwi, huzalishwa kwa uraniamu ndani ya kinu cha nyuklia, na sehemu kubwa ya uraniamu ya mradi wa kwanza wa mabomu hayo ilitoka Shinkolobwe, Katanga.

Kiwanda kilipofungwa, likabaki swali la makokwa yaliyokwisha kutengenezwa: yatadumu mpaka lini? Swali ni la fizikia, lakini jibu lake ni mabilioni ya dola. Yakichakaa upesi, lazima kijengwe kiwanda kipya. Yakidumu karne nzima, hakuna haraka.

Plutoniamu huzeeka kutoka ndani. Atomu yake inapovunjika hutema kiini cha heliamu, nayo yenyewe hugeuka uraniamu na kurushwa kwa nguvu, ikivuruga mpangilio wa atomu za jirani. Heliamu hunaswa ndani ya metali na kujikusanya katika vipovu visivyoonekana kwa macho. Nusu-uhai wa plutoniamu-239 ni takriban miaka 24,100, hivyo mambo haya huenda polepole mno. Ili wasisubiri, watafiti walichanganya kwenye sampuli plutoniamu-238, yenye nusu-uhai wa miaka 88 hivi, uzee ukaja mbio. Kisha wakapima kama metali imevimba au imebadilika uimara.

Mwaka 2006 vipimo vya maabara za Los Alamos na Livermore vilipitiwa na JASON, kundi la wanasayansi huru linaloishauri serikali tangu 1960. Likasema aina nyingi za makokwa zitadumu angalau miaka 100. Hoja ya kukimbilia kiwanda kikubwa ikalegea.

Mwaka 2019 JASON liliandika tena. Lilisema utafiti wa uzee wa plutoniamu haukupewa kipaumbele cha kutosha, na kwa tahadhari likashauri utengenezaji urejeshwe mapema iwezekanavyo. Hilo linaniuma. Kupima sampuli ni gharama ndogo mno ukilinganisha na kujenga kiwanda, nako ndiko kulikozembewa.

Sheria sasa inadai makokwa 80 kwa mwaka ifikapo 2030. Mpango ni 30 kutoka maabara ya Los Alamos na 50 kutoka kituo cha nyuklia cha Savannah River. Januari 2023 GAO, wakaguzi wa Bunge la Marekani, walisema mpango huo hauna ratiba kamili wala makadirio kamili ya gharama. Wabunge wanaopitisha fedha hizo wadai kwanza vipimo vipya, na matokeo yatangazwe kwa wananchi kadiri siri za silaha zinavyoruhusu.