Usafi wa majira ya kuchipua

Usafi wa majira ya kuchipua ni desturi ya kusafisha na kupanga upya nyumba nzima mara moja kwa mwaka, baridi kali inapomalizika. Hufanyika hasa katika nchi za kaskazini, yaani Ulaya, Amerika Kaskazini na sehemu kubwa ya Asia, kwa kawaida kati ya Machi na Mei. Ni tofauti na usafi wa kila siku wa kufagia na kupiga deki: wenye nyumba husogeza makabati, hutoa mazulia nje, huosha mapazia na madirisha, hufungua masanduku ambayo hayajaguswa kwa miezi mingi, na kuamua kipi kibaki na kipi kiondoke.

Uamuzi huo wa mwisho ulikuwa sehemu ndogo ya kazi hapo zamani. Siku hizi ndiyo kazi yenyewe. Nyumba ya karne ya 19 ilisafishwa kwa sababu ilikuwa imejaa masizi. Nyumba ya leo inasafishwa kwa sababu imejaa vitu.

Kwa nini majira ya kuchipua

Katika nchi zilizo karibu na ikweta, madirisha hubaki wazi karibu mwaka mzima na uwanja hufagiliwa kila asubuhi. Hakuna msimu mmoja ambao uchafu hujilimbikiza ndani. Kaskazini hali ni nyingine. Kuanzia Novemba hadi Machi madirisha hufungwa, na zamani hata mianya yake ilizibwa kwa matambara au karatasi ili joto lisitoke. Kabla ya umeme, nyumba ilipashwa joto kwa kuni au makaa ya mawe, na kuangazwa kwa mishumaa, taa za mafuta au gesi. Moshi wake uliacha masizi kwenye kuta, dari, mapazia na vitambaa vya viti. Yeyote aliyewahi kusomea kibatari na kuona pua yake asubuhi anaweza kukisia hali ya chumba kilichofungwa miezi mitano.

Kuosha vitu hivyo katikati ya baridi hakukuwezekana. Visingekauka, na kufungua madirisha kungepoteza joto lote. Basi watu walingoja siku za kwanza za jua, moto wa sebuleni ulipoweza kuzimwa, wakafanya kazi yote kwa pamoja.

Isabella Beeton, Mwingereza ambaye kitabu chake kikubwa cha uendeshaji wa nyumba kilitoka mwaka 1861, alieleza kwamba majira ya kuchipua ndiyo wakati wa kawaida wa usafi huo, akataja moshi wa makaa, mafuta na gesi kama chanzo cha uchafu. Kufikia mwanzo wa karne ya 20 jambo hili lilikuwa limezoeleka kiasi kwamba Kenneth Grahame alianza hadithi yake ya watoto The Wind in the Willows (1908) na fuko anayesafisha na kupaka chokaa nyumba yake, kisha anachoka na kutoka nje. Watoto wa Uingereza hawakuhitaji kuelezwa fuko alikuwa akifanya nini.

Desturi za dini na za mwaka mpya

Masizi peke yake hayaelezi kila kitu. Katika sehemu nyingi usafi mkuu umefungamana na sikukuu, kwa wazo kwamba wakati mpya usiingie katika nyumba yenye mabaki ya wakati uliopita.

Mfano unaojulikana sana ni wa Iran. Katika wiki zinazotangulia Nowruz, mwaka mpya unaoanza tarehe 20 au 21 Machi, mchana na usiku unapolingana, familia hufanya kazi inayoitwa khane-tekani, maana yake "kutikisa nyumba". Mazulia husuguliwa na kuanikwa, madirisha huoshwa, nguo na vyombo vilivyochakaa huondolewa. Nowruz husherehekewa pia Afghanistan, Asia ya Kati, Azerbaijan na miongoni mwa Wakurdi, na mwaka 2009 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Neno hilo limefika pwani ya Afrika Mashariki kwa umbo la Nairuzi. Sherehe ya Mwaka Kogwa inayofanyika Makunduchi, Unguja, huhusishwa na asili hiyo ya Kiajemi. Kwa kuwa mwaka wa Nairuzi una siku 365 bila siku ya nyongeza, umekuwa ukisogea polepole, na sasa Mwaka Kogwa huangukia Julai badala ya Machi.

Kwa Wayahudi usafi hutangulia Pasaka yao, katika Machi au Aprili. Kitabu cha Kutoka, sura ya 12, kinaagiza chachu isionekane nyumbani kwa siku saba. Kwa hiyo kila chembe ya mkate na nafaka iliyochachuka hutafutwa kwenye makabati, mifuko ya nguo, hata katikati ya kurasa za vitabu. Usiku wa kuamkia siku ya maandalizi, familia hupekua nyumba kwa mwanga wa mshumaa. Wengi huficha kwanza vipande 10 vya mkate ili upekuzi usitoke mikono mitupu. Kilichopatikana huchomwa asubuhi yake.

Wachina husafisha kabla ya mwaka wao mpya, kati ya mwisho wa Januari na Februari, na siku ya sikukuu yenyewe ufagio haushikwi, bahati isije ikafagiliwa nje. Wajapani hufanya oosoji mwishoni mwa Desemba. Asili yake ni susuharai, yaani kupangusa masizi, ambayo katika kasri la Edo ilifanyika tarehe 13 ya mwezi wa kumi na mbili. Hata hapo, desturi ya heshima ilibeba jina la uchafu wa kawaida kabisa.

Mashine na mikono

Zulia lilikuwa adha kubwa kuliko zote. Lilibebwa nje, likatundikwa kwenye kamba na kupigwa kwa fimbo pana iliyosukwa mpaka vumbi liishe. Mwaka 1901 mhandisi Mwingereza Hubert Cecil Booth alitengeneza mashine ya kufyonza vumbi. Ilikuwa kubwa kiasi cha kuvutwa na farasi. Ilisimama barabarani na mipira mirefu ikapitishwa madirishani. Mwaka 1907 James Murray Spangler, mfanya usafi katika duka moja huko Ohio, Marekani, aliunda kifyonza vumbi kidogo cha umeme kwa kutumia ufagio na foronya, kwa sababu vumbi lilimzidishia pumu. Haki ya uvumbuzi wake ilinunuliwa na familia ya Hoover, na jina lililobaki midomoni mwa watu ni la mnunuzi.

Baada ya umeme na majiko ya gesi kuenea, masizi yalipungua sana. Mtu angetegemea kazi ipungue pia. Mwanahistoria Ruth Schwartz Cowan, katika kitabu chake More Work for Mother (1983), alionyesha kwamba haikupungua kwa mama wa nyumbani. Watumishi waliondoka, wanaume na watoto waliacha kupiga mazulia na kubeba maji, na kiwango cha usafi kilichotarajiwa kikapanda. Kilichokuwa kazi ya nyumba nzima kwa siku chache kikawa cha mtu mmoja mwaka mzima.

Kupunguza vitu

Katika nusu ya pili ya karne ya 20 bidhaa za viwandani zilikuwa rahisi, na nyumba za nchi tajiri zikaanza kujaa: nguo zisizovaliwa, vyombo vya zawadi, vifaa vya umeme vilivyokufa. Ndipo usafi wa kila mwaka ulipogeuka kuwa kazi ya kuchambua.

Mwalimu maarufu wa kazi hiyo ni Marie Kondo wa Japani. Kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 2014, na mwaka 2019 kipindi chake kilionyeshwa Netflix. Anashauri kupanga kwa aina ya vitu badala ya chumba kwa chumba: nguo zote kwanza, kisha vitabu, karatasi, vitu vidogovidogo, na mwisho vitu vya kumbukumbu. Kila kitu hushikwa mkononi, na kisicholeta furaha huagwa kwa shukrani. Kipimo hicho cha furaha kina udhaifu wake, maana sufuria ya ugali na risiti ya kodi havimfurahishi mtu na bado vinahitajika. Lakini utaratibu wa kurundika nguo zote mahali pamoja una nguvu, kwa kuwa unamwonyesha mwenyewe wingi ambao kabati huficha. Mwaka 2023 Kondo alisema kwamba baada ya kupata mtoto wa tatu amelegeza kamba katika nyumba yake mwenyewe.

Msweden Margareta Magnusson aliandika mwaka 2017 kuhusu döstädning, yaani usafi wa kifo: mzee hupunguza mali yake akiwa hai ili wanawe wasije wakaachiwa stoo nzima ya kuchambua katikati ya msiba.

Kwa vitendo, mpangilio unaofaa ni kuondoa kwanza, kusafisha baadaye. Kupangusa vumbi la vitu vitakavyotupwa ni kupoteza nguvu. Vitu hugawanywa katika mafungu ya kubaki, kutoa, kutengeneza na kutupa. Fungu la kutengeneza liwekewe tarehe, la sivyo litarudi stoo lilivyo. Vyeti, hati za ardhi na karatasi za hospitali hutengwa kabla ya kingine chochote. Kisha husafishwa kuanzia juu kwenda chini, dari kabla ya sakafu, kwa kuwa vumbi huanguka. Makasha ya kuhifadhia vitu hununuliwa mwishoni. Wanaoyanunua mwanzoni huishia kupanga vizuri vitu wasivyovihitaji.

Hatari

Watu hujeruhiwa na hata kufa katika kazi hii. Kosa baya zaidi ni kuchanganya dawa. Dawa ya klorini ya kung'arisha nguo, ambayo wengi Afrika Mashariki huiita jiki, ikichanganywa na siki au dawa kali ya chooni yenye asidi hutoa gesi ya klorini. Ikichanganywa na amonia hutoa kloramini. Zote mbili huunguza mapafu, na bafu dogo lisilo na dirisha ni mahali pabaya pa kujifunza hilo. Dawa moja itumike kwa wakati mmoja, isuuzwe, na dirisha liwe wazi.

Katika vibanda vya magharibi mwa Marekani vilivyofungwa wakati wa baridi kuna hatari ya virusi vya hanta, vinavyoenezwa na panya. Ugonjwa wake wa mapafu ulitambuliwa huko mwaka 1993. Mavi ya panya hayafagiliwi yakiwa makavu, kwa sababu vumbi lake ndilo linaloambukiza. Chumba hupitishwa hewa kwa dakika 30, uchafu hulowanishwa kwa dawa ya klorini iliyozimuliwa kwa dakika 5, kisha hufutwa kwa mikono iliyovaa glavu. Dawa za hospitali zilizokwisha muda hurudishwa kwenye duka la dawa inapowezekana, wala hazimwagwi chooni ovyo.

Vitu vinakokwenda

Kinachotolewa nyumbani hakipotei. Sehemu huuzwa uani au katika maduka ya hisani, sehemu huenda jalalani, na nguo nyingi ambazo maduka hayo hayawezi kuuza hufungwa kwa marobota na kusafirishwa. Mengi hufika Mombasa na Dar es Salaam, na kutoka hapo hufikia masoko kama Gikomba, Nairobi, ambako huitwa mitumba. Mnunuzi wa robota halichagui kutoka ndani. Akikuta nguo zilizochanika, hasara ni yake na taka ni za mji wake. Upande wa pili, mitumba huwapa riziki wachuuzi, mafundi cherehani na wapiga pasi wengi, na huvisha familia ambazo haziwezi kununua nguo mpya.

Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua ili kuinua viwanda vya nguo vya ndani. Wafanyabiashara wa Marekani walilalamika kwa serikali yao, ambayo ilitishia kuondoa nafuu ya ushuru ya AGOA. Kenya, Tanzania na Uganda zilirudi nyuma. Rwanda, iliyopandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo, ilishikilia msimamo wake, na Julai 2018 nafuu hiyo ikasimamishwa kwa nguo zake zinazouzwa Marekani.